Mnunuzi Aliyekuja na Mto wa Kulalia

Popo alikuwa mwoka mikate. Jina hilo alibandikwa na wapangaji wenzake kwa sababu jua likizama ndipo anavaa viatu, na asubuhi wenzake wakitafuta soksi yeye anarudi, nyusi zimejaa unga, anapanda kitandani. Alikuwa ameoka mikate tangu hajaota ndevu, na miaka yote hiyo alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba halali vizuri. Ukimuuliza habari za leo, hajalala. Ukimuuliza watoto hawajambo, hawajambo, ila yeye hajalala. Watu walimzoea, wakaacha kumpa pole.

Sasa mtu kama huyo, akifika mahali pa kununua nyumba yake ya kwanza, unadhani atatafuta nini? Wengine wanatazama vigae, wengine geti, wengine wanataka jirani mwenye gari zuri ili na wao waonekane. Popo alitaka nyumba ambayo mtu akilala mchana, analala. Hilo alilisema kwa dalali, kwa wafanyakazi wenzake, na kwa mkewe hadi mkewe akaanza kulisema naye kwa pamoja, kama watoto wanavyoimba hesabu ya mbili.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache na pini nyingi mdomoni. Yeye ndiye aliyekagua mengine yote. Kila nyumba waliyooneshwa alipanda ngazi kutazama paa, akafungulia mabomba yote kwa mpigo aone kama maji yatakata, akanusa kuta za chooni. Kama yupo aliyemuuliza yeye mwenyewe anataka nyumba ya namna gani, mimi simjui.

Dalali wao alikuwa na simu mbili, na subira hana hata nusu. Aliwapeleka kuiona nyumba ya mjane mmoja siku ya Jumapili mchana. Ilikuwa nyumba ya heshima, yenye vyumba viwili, sebule, na stoo ndogo isiyo na dirisha. Kile chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha kubwa linalotazama uwanja mtupu ulioota nyasi. Popo alisimama dirishani, akafumba macho, akasikiliza. Hapakuwa na sauti hata ya kuku.

"Hii," akasema.

"Bosi, nilikwambia," dalali akasema. "Lakini nyumba hii haikai. Kesho kuna mtu anakuja na mkewe, na mkewe ndiye anayeamua. Ngojangoja huumiza matumbo."

"Haraka haraka nayo haina baraka," mke wa Popo akajibu, na pini zake mdomoni.

Usiku ule kazini Popo alimwelezea mwenzake wa kukanda unga. Huyu mkandaji alishawahi kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alinunua nyumba wakati wa kiangazi, akaipenda, akaipaka rangi. Mvua zilipokuja sebule ikageuka bwawa, na bata wa jirani wakahamia. Tangu hapo alikuwa mwalimu wa watu wote wanaonunua nyumba.

"Uliiona Jumapili," mkandaji akasema. "Wewe utalala humo Jumapili peke yake?"

"Kimya chake hujakisikia wewe."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndugu yangu. Suruali tu unaijaribu dukani kabla ya kulipa. Nenda Jumatatu. Nenda ukalale."

Popo alicheka. Halafu akaacha kucheka, akaendelea kupanga mikate huku anawaza. Kulipopambazuka hakurudi nyumbani kulala. Alipita kwake akachukua mto na shuka, akamwambia mkewe anakokwenda, na mkewe akamtazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya.

Mjane alifungua mlango akamkuta mwanamume mzima amesimama na mto kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umehama bila kununua?"

"Hapana, mama. Nimekuja kulala."

Akamweleza. Popo alikuwa na aibu, maneno yakamtoka ya mwisho kwanza na ya kwanza mwisho, lakini mjane alisikiliza hadi mwisho bila kucheka. Alimuuliza tu anafanya kazi ya usiku tangu lini. Kisha akamfungulia kile chumba cha nyuma, akashusha pazia, akarudisha mlango taratibu, kama mtu aliyewahi kuurudisha hivyo mara nyingi.

Ehe. Popo alilala. Nasema alilala, si kusinzia, si kugeukageuka. Alilala hadi mate yakalowanisha mto. Alipoamka jua lilishapinduka, mwili mwepesi, na akajisemea kwamba hata wakimwambia auze meno, nyumba hii anainunua.

Akavuta pazia ili auage uwanja wake kwa heshima. Uwanja ulikuwa umejaa magari.

Kilikuwa chuo cha udereva. Jumapili hufungwa, na siku nyingine zote magari hushinda hapo. Lakini magari yale yalikuwa hayaungurumi. Wanafunzi wanne walikuwa wanasukuma gari kwa mikono, jasho linawatiririka, na ndani yake mwanafunzi wa tano ameshika usukani kwa taadhima. Mwalimu wao, mtu mnene mwenye filimbi shingoni, alikuwa akitembea kando ya dirisha la gari kwa ncha za vidole, ananong'ona: "Klachi… klachi, mama… hiyo ni breki." Alipomwona Popo dirishani akaja mbio mbio, akauliza kwa sauti ya chini, "Samahani, mzee. Mgonjwa ameamka? Tunaweza kuwasha?"

"Mgonjwa gani?"

"Bibi ametuambia humo ndani kuna mgonjwa ambaye leo akipata usingizi atapona."

Popo alitoka mbele na shuka lake begani. Akamkuta mjane amekaa kwenye kigoda langoni, ufagio magotini, sauti imemkauka. Na pembeni yake, kwenye kigoda cha pili, amekaa mkewe, aliyekuja kumwangalia kama yu hai.

"Mama," Popo akasema, "hii ndiyo biashara gani?"

Mjane hakukataa. "Si biashara, mwanangu. Marehemu mume wangu alikuwa mlinzi wa usiku. Maisha yetu yote nimekaa hapa hapa kulinda usingizi wake, na wauza mkaa, na watoto, na hao wa magari. Leo ulipojilaza, mikono yangu ikaanza yenyewe. Nilipokumbuka kwamba wewe ni mnunuzi, nilishamfukuza muuza ndizi." Akautazama ufagio. "Nisikudanganye. Kimya ulicholalia si cha nyumba, ni changu. Nyumba nauza, mimi siuzwi nayo. Naenda kukaa kwa binti yangu."

Mke wa Popo alisogeza kigoda chake karibu. Alimshika yule bibi mkono, akaubana kidogo, na wakatazamana kama watu wa kazi moja wanaokutana safarini. Popo aliona, lakini hakuelewa. Njia nzima alilalamika. Dalali tapeli, Jumapili ni siku ya uongo, nyumba imemponyoka.

Kesho yake asubuhi alirudi kutoka kazini akapanda kitandani, na usingizi ukakataa. Maneno ya bibi yalikuwa yanamtembea kichwani. Akalala macho wazi, anasikiliza.

Mtoto wa mpangaji wa kwanza alianza kulia, kilio kikakatika katikati. Baiskeli ya muuza maziwa ikapiga kengele mara moja, ya pili ikanyamaza njiani. Redio ikafunguliwa, ikashushwa. Na kila kinapokatika kitu, kabla yake ilisikika sauti moja ndogo: "Shhh. Baba amelala."

Popo aliinuka akachungulia dirishani. Mkewe alikuwa nje chini ya upenu, na cherehani yake ya miguu. Jua lilikuwa limeshakula kivuli chote, na mama wa watu anaisukuma cherehani inchi kwa inchi kuelekea ukutani, huku mguu mmoja unakanyaga na jicho moja linamwinda muuza samaki anayekuja na tarumbeta yake. Cherehani ile ilitoka nje kila asubuhi na kuingia kila jioni. Popo aliiona miaka yote. Alidhani mkewe anapenda hewa.

Nikisema alijisikia vibaya, nitakuwa nimesema kidogo. Mtu ameulalamikia usingizi mji mzima, kumbe miaka yote analala, na mwingine ndiye amekosa pa kupumzika. Akatoka na shuka lake.

"Mama watoto, wewe ungependa nyumba ya namna gani?"

Mkewe akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. "Umeuliza leo," akasema. "Basi nakujibu leo. Nataka chumba cha kushonea. Chenye dirisha, na mlango. Niufunge huo mlango, nishone, na anayetaka kupiga tarumbeta apige. Nimechoka kuwa askari, baba watoto. Ile nyumba ya bibi nimeipenda mimi. Ila nilipoona ule ufagio, nikajua na mimi nitazeekea langoni."

Popo alikaa chini, hapo hapo kwenye vumbi. Muuza samaki akafika, akapuliza tarumbeta yake kwa raha zake zote, na hakuna aliyemwambia kitu. Mwenyewe akashtuka, akauliza kama kuna msiba.

Siku iliyofuata dalali alipigiwa simu, akafika kwa mjane akakuta cherehani inashushwa kwenye mkokoteni.

"Jamani," akasema, "juzi mume kaja na mto, leo mke kaja na cherehani. Kesho mtaniletea sufuria? Watu wananunua nyumba kwa kutazama tu, tena wengine kwa picha."

"Na ndio hao wanaofuga bata sebuleni," Popo akamjibu.

Jaribio la safari hii lilikuwa na masharti. Mke aliingia kwenye chumba cha nyuma, kile chenye dirisha kubwa, na cherehani yake, akafunga mlango. Popo akaingia stoo, mle mlimo giza kama ndani ya tanuri lililopoa, akatandika mkeka. Bibi akaombwa akae sebuleni na asimnyamazishe mtu yeyote. Alikubali, lakini ufagio ilibidi anyang'anywe. Alikaa ameshika mikono ya kiti kwa nguvu, na kila honi ilipopigwa, kisigino chake kiliruka.

Na honi zilipigwa. Mwalimu wa udereva alikuwa na deni la siku ya ukimya, na alililipa lote. "Klachi! Mama, klachi! Huo ni ukuta wa watu!" Muuza ndizi akapita, muuza mkaa akapita, gari likazimika, likawashwa, likazimika. Popo mle gizani alijifunika shuka hadi utosini. Ikafika mahali akainuka, akafungua mdomo amwite mkewe awaambie wale watu. Alishazoea hivyo, na mdomo haukungoja ruhusa.

Ndipo akaisikia cherehani. Ilikuwa inakwenda bila kusimama. Nyumbani haikuwahi kwenda hivyo. Nyumbani ilikuwa inakwenda kidogo, inasimama, inasikilizia, inakwenda tena. Popo hakujua kwamba mashine ile inaweza kukimbia. Akafumba mdomo wake, akalala chali, akaisikiliza ikishona mshono mrefu usio na mwisho.

Jioni alitoka stoo macho mekundu kama pilipili. Dalali alikuwa anamsubiri sebuleni, simu mbili mkononi, uso umeshakata tamaa.

"Bosi, umelala?"

"Sikupata hata lepe."

Dalali akashusha pumzi. "Nilijua. Basi nimpigie yule mwingine, yule wa mkewe anaamua."

"Usimpigie mtu. Nyumba nainunua."

"Lakini hukulala."

"Pamba za masikio zipo," Popo akasema. "Nitazoea. Na wewe punguza sauti, kuna mtu anafanya kazi."

Bibi alicheka hadi akajishika ubavu. Popo akaenda hadi kwenye mlango wa chumba cha nyuma kumpa mkewe habari. Ulikuwa umefungwa. Akainua mkono abishe, akaushusha, akakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, akangoja amalize.