Nyama nyembamba ya babuko

Leo nimeharibia mutoto wangu Solange ndoa, jikoni.

Munanijua. Mi nilipikia Bachina kambini ya mugodi myaka tano. Nikichukua congé, siku za kupumzika, patron yao, mukubwa wa kazi, alikuwa analia.

Sasa babuko, bazazi ya kijana anayemuomba Solange, balipokuja, nikamufukuza bibi yangu jikoni. Nikakata nyama ya ngombe nyembamba kama karatasi, nikaikaranga haraka na brokoli na soya.

Tata, baba ya kijana, akaigeuza na kidole.

"Tata Solange, hii mulikatia mutu asiye na meno? Ao zile kubwa mulishakula?"

Nilisahau. Mugeni wa ndoa anataka kipande cha kushika na mukono.

Bakaaga bila kutaja mahari.

Solange anaosha sahani, ananipa mugongo. Muniambie, nani ataenda kubaambia kwamba kilo mbili zote za nyama zilikuwa mule?