Vipimo vya Namba Mia Mbili na Sita

Ukiingia kwa fundi viatu huyu, atakutazama miguu kwanza, uso baadaye. Si dharau. Kwa miaka thelathini amewashonea viatu watu ambao miguu yao hailingani, na jicho lake limezoea kuanzia chini.

Jumanne ile, hata hivyo, macho yalikuwa yameganda kwenye kompyuta sebuleni kwake, na mishipa ya shingo imemsimama.

"Huna ruhusa ya kufungua folda hii," alisoma kwa sauti, kwa mara ya sita. "Mimi! Sina ruhusa! Mashine yangu, meza yangu, vipimo nimechukua kwa mikono yangu!"

Ndani ya folda ile mlikuwa na vipimo vya bibi harusi ambaye mguu wake wa kushoto ni mfupi. Aliishi mbali, angefika Ijumaa jioni, na harusi ilikuwa Jumamosi asubuhi. Kumpima upya kusingewezekana, maana soli ikishatiwa gundi lazima ikauke siku mbili. Zamani vipimo vilikaa kwenye daftari, mpaka panya wakalitafuna. Ndipo fundi akajifunza kompyuta. Mwezi uliopita kompyuta nayo ikafa. Mtengenezaji akachomoa diski, akaitia katika mashine mpya, akamhakikishia kwamba kila kitu kipo. Kweli kilikuwepo, ila kimefungwa.

Asubuhi hiyo bibi harusi alikuwa amempigia simu. "Fundi, maisha yangu yote naingia mahali nikiyumba. Siku hiyo nataka kutembea sawa, basi."

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, karani wa shule, alimkuta akiifokea kompyuta.

"Naona leo umepata wa kugombana naye, shemeji. Hajibu!"

"Usinianze! Jina nimeweka lile lile, neno la siri lile lile. Inanijua vizuri sana hii, inanifanyia jeuri tu."

Shemeji alivuta kiti, akafungua sifa za folda, akamwonyesha sehemu ya mmiliki. Badala ya jina palikuwa na tarakimu, mstari mzima.

"Huyo ndiye wewe wa mashine ya zamani. Kompyuta haimjui mtu kwa jina, inampa namba. Hii mpya imekupa namba nyingine, kwa hiyo kwake wewe ni mgeni."

"Namba! Mtu mzima na mvi zangu niitwe namba!"

"Na huyo bibi harusi, kwenye rafu yako unamwitaje?"

Maboksi yote rafuni yalikuwa na namba, tangu siku fundi alipowachanganyia viatu walimu wawili wenye jina moja, wakarudi wote wakichechemea kuliko mwanzo. Bibi harusi alikuwa mia mbili na sita.

"Hayo ni mambo mengine," alinung'unika.

"Ni yale yale. Haya, andika jina lako hapa uwe mmiliki."

Aliandika akigonga herufi kama anayepigilia misumari. Akabofya folda. Huna ruhusa.

Aliruka kitini. "Nimeshakuwa mwenye nyumba, bado naambiwa nipige hodi?"

"Hati umepata, funguo hujajipa. Kaa chini, shemeji."

Akamwelekeza kwenye ukurasa wa ruhusa, naye fundi akajipa udhibiti kamili wa folda na vyote vilivyomo. Majina ya faili yakapita moja moja, kisha mlango ukafunguka: vipimo kumi na vinne, kuanzia kisigino hadi kidole cha mwisho.

Shukrani hakutoa. "Siku tatu!" alifoka, akijifunga aproni. "Siku tatu nzima nanyimwa kilicho changu!" Shemeji alimsikia akifoka hivyo hivyo hadi karakanani, huku kisu kikikata ngozi bila kutetereka.

Sasa ni Ijumaa jioni. Gundi imekauka, boksi la mia mbili na sita liko mezani, na bibi harusi amepiga simu kusema ameshaingia mtaani. Fundi ameketi akiutazama mlango, macho ameyaelekeza chini kabisa, kizingitini, pale miguu itakapotokea.