Shairi Lenye Pengo la Jina

Juzi nilishuka kutoka Kitale hadi Matulo kumzika jirani yetu wa zamani, na chini ya turubai watoto wenye sare wakaanza lile shairi letu. Lile lile, ndugu yangu! Wamebadilisha neno moja tu. "Uzee wake ni ua, limechumwa asubuhi."

Enzi zetu lilikuwa "Utoto wake ni ua." Mwalimu wetu alilitunga miaka ya elfu mbili na kitu, likatumika kwenye kila mazishi ya mtoto. Ua gani? Sisi tulijua kupalilia mahindi na kubeba maji. Katika ubeti wa kwanza aliacha pengo la jina, nasi tukalijaza kulingana na aliyekufa. Tulipenda mazishi, sitakudanganya. Siku hiyo hakukuwa na hesabu, na tulipewa chai ya maziwa na mkate uliokatwa vipande vinene.

Kisha malaria ikamuua mwenzangu wa deski, mtoto wa pekee wa huyu jirani. Mimi ndiye niliyepewa kuanza. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumemzika mtoto wa darasa la pili, na ulimi wangu ukamtaja huyo. Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka.

Mamake, ndiye huyu jirani, akasimama. "Huyo si wangu. Rudieni, mtaje wangu."

"Mama, muda umetubana," mshereheshaji akasema kwenye spika. "Shule, endeleeni."

Tukaendelea, kisha tukala mkate.

Toka siku hiyo watu wakaacha kumwita Mama fulani, kwa jina la mwanawe. Ati wasimtoneshe kidonda. Nikipita kwake alinisimamisha: "Si uniite vile mlikuwa mnaniita?" Nami nilitoka mbio. Wahenga husema maji yakimwagika hayazoleki. Mimi sikujaribu hata kuzoa.

Juzi walisoma jina lake la ubatizo, ambalo hakuna aliyewahi kumwita. Mshereheshaji akauliza kama kuna jirani mwenye neno. Jina la mtoto nililijua. Ningesimama, nimwite Mama nani mara moja tu, asikie hata kaburini. Niliona aibu. Nikatazama viatu vyangu hadi wakaanza kurudisha udongo.

Baadaye wakagawa chai na mkate, nikala. Sasa hakuna tena wa kunisimamisha njiani.