Vidoa Ndani ya Shavu

Shangazi yangu anachanja mbuzi. Mwaka wa kumi na tisa huu, na vidole vyake vimejaa makovu ya magego ya mbuzi. Kabla ya sindano hufunua mdomo, anabonyeza ufizi, ananusa. Akisikia uozo, anamtenga yule mbuzi. Sotoka anaijua: machozi, makamasi, vidonda mdomoni, kuhara, halafu zizi zima kimya.

Husema sotoka ina ukoo. "Ya ng'ombe ilifutwa dunia nzima kwa chanjo. Ya mbuzi bado ipo. Mbwa nao wana yao. Na sisi watu tuna surua." Mimi hushangaa. Kitu hakionekani kwa macho, lakini kina ndugu.

Jirani yetu, Mama Pacha, naye aliyasikia hayo. Asubuhi moja tukiwa zizini kwake akamleta pacha mmoja, ana homa na macho mekundu. Pacha wake wote wawili hawakuwahi kuchanjwa surua.

"Dada, mdunge na huyu. Si umesema ni ndugu?"

"Ndugu hawaazimani sindano. Hii ya mbuzi. Unataka aanze kulia mee?"

Mama Pacha akacheka. Shangazi hakucheka. Alinawa kwa sabuni, akapiga magoti, akalivuta shavu la mtoto taratibu, vilevile afanyavyo kwa mbuzi. Ndani, karibu na magego, palikuwa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Ngozini hapakuwa na kipele hata kimoja.

"Surua. Vipele vitatoka kesho kutwa. Mbebe na mwenzake, twende kliniki."

Muuguzi alimtazama Shangazi, gambuti zake zenye kinyesi cha mbuzi. "Daktari wa mbuzi leo umetuletea watoto?"

"Mulika ndani ya shavu, mwanangu."

Akamulika. Kisha akampa mgonjwa matone ya vitamini A ya kulinda macho, na mwenzake akamchanja palepale.

Vipele vilitoka siku ileile aliyoisema, vikaanzia nyuma ya masikio vikashuka. Macho yakavimba, yakafumba. Mama Pacha aliniuliza mara ngapi sijui kama mtoto ataona tena, kana kwamba mimi najua.

Siku ya tisa macho yakafunguka. Mtoto akamfuata kuku kwa macho, kutoka mtungini mpaka mlangoni. Mama yake akakaa chini vumbini. Yule mwenzake hakutoka hata kipele.