Mwanahiti Aliyeazimwa

Enzi zetu hatukuwa na starehe. Hayo si maneno yangu, ni ya Hamisi, mjukuu wa dada yangu, na kwetu Waluguru mjukuu wa dada ni mjukuu wako kabisa. Alinitamkia hayo Jumamosi iliyopita akiwa amesimama mlangoni na suruali ya bugaluu inayofagia sakafu, redio ameitundika begani, anakwenda dansini. "Bibi, wakati wa Mjerumani mlikuwa mnafanya nini jioni? Mnakaa tu mnatazamana?" Kandambili ilikuwa karibu, lakini siku hizi magoti yangu hayaendi kwa kasi ya hasira zangu. Basi nimechukua kalamu. Herufi nilizijua ukubwani, darasa la ngumbaru, na sioni kwa nini ziishie kwenye kuandika majina ya waliohudhuria maziko. Nawaandikia nyinyi mliokuwa watoto hapa Morogoro gari moshi lilipokuwa bado jambo la kukimbilia kutazama. Mnajua kama nasema uongo.

Ati hatukuwa na starehe! Nakumbuka Jumapili alasiri, askari wa boma walipotoka na matarumbeta yaliyosuguliwa kwa majivu mpaka yakang'aa, na sisi watoto tukiwafuata nyuma tukirusha miguu kwa mwendo wao, mmoja wetu akipiga debe bovu. Nakumbuka baraza ya duka la Mhindi, alipoweka sanduku lake la santuri, wakubwa kwa wadogo tukikaa chini kumsikiliza mwanamke asiyeonekana akiimba kwa lugha ambayo Mhindi mwenyewe alikiri haijui. Nakumbuka siku za kuelekea Idi, mama zetu walipokanda udongo mwekundu na mweupe wakachora kuta za nyumba zao, ndege, majani, nyoka waliojiviringisha, kisha mtaa mzima ukatoka kutembea nyumba kwa nyumba kuona nani amechora nini. Wanawake walioteremka kutoka Mgeta walisimama katikati ya njia, mizigo ingali kichwani, wakatoa hukumu: huyu ndege ana miguu ya mbuzi, rudia. Tulitafuna mihogo ya kuchoma, tukanywa togwa, na hakuna aliyetuuliza tiketi.

Kilichoudhi ni cheti. Mnakikumbuka? Mtu atake kupiga ngoma uani kwake, ngoma aliyoiwamba mwenyewe kwa mikono yake, lakini kwanza aende bomani akamwombe mgeni ruhusa. Ukipiga bila cheti, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Mtaani kwetu mpigaji mmoja alichapwa asubuhi, na alasiri ile ile, cheti kimepatikana, akapiga ngoma kwa kusimama mpaka jua likazama, kwa sababu kukaa alikuwa hawezi. Watu walicheka, na yeye akacheka nao. Leo nikikumbuka sicheki.

Lakini starehe kubwa kuliko zote ilikuwa kwenda mtoni kumtazama Mama Rangi. Huyu alikuwa mke wa mkubwa mmoja wa reli, mwanamke mrefu wa Kijerumani, na jina hilo tulimpa sisi. Alikuwa akiteremka kando ya mto, anasimamisha kibao chake juu ya miguu mitatu, anafungua rangi zake na kuichora milima ya Uluguru. Sisi tunajaa nyuma yake. Hakutufukuza, nakiri hilo. Kiswahili alikijua vizuri, akatuuliza majina ya vilele na kuyashika yote. Bibi yangu mzaa mama, kungwi na mwimbaji aliyejulikana mjini na milimani, hakukosa hata mara moja. Alikunja mikono kifuani akamkosoa Mama Rangi vile vile alivyowakosoa wachora kuta.

"Mama, moshi uko wapi?" alimwuliza siku moja. "Kule juu watu wanapika. Na mashamba yao umeyapeleka wapi?"

Mama Rangi alicheka, akasema mlima unapendeza zaidi ukiwa peke yake.

"Umemsikia?" Bibi akanigeukia. "Amewahamisha watu wote." Tulicheka njia nzima ya kurudi nyumbani.

Sasa lazima niseme habari ya mwanahiti, kwa ajili ya wajukuu watakaosoma haya wakichungulia begani kwenu. Mwanahiti ni mtoto wa mti, urefu wake kama kiganja, hana mikono wala miguu, kichwani ana vishungi viwili vya nywele. Msichana akivunja ungo na kuwekwa ndani, alikabidhiwa huyo mtoto. Kila siku alimwogesha, akampaka mafuta, akamvika ushanga, akalala naye. Ndivyo alivyojifunza kulea, na ndivyo wazee wetu walivyoamini kwamba naye atazaa. Siku mwali anatolewa nje kwa ngoma na vigelegele, alitoka naye. Kisha mwanahiti alirudi kwenye kikapu cha bibi kumngoja mwali mwingine.

Wa kwetu alilelewa na mama wa bibi yangu, na Bibi mwenyewe, na mama yangu na wadogo zake, na mwisho dada yangu Zena. Alikuwa mweusi tii kwa mafuta ya mikono yote hiyo. Tangu nilipoanza kupata akili nilijua kwamba baada ya Zena zamu ni yangu. Nilikuwa nikifunua kikapu kwa siri na kumwambia anisubiri.

Na aliweza kuazimwa. Nyumba yenye mwali lakini haina mwanahiti ilipewa wa jirani, na mwali akishatoka, mtoto alirudishwa amepakwa mafuta na kuongezewa ushanga mpya. Hakuna aliyeandikiana na mwenzake, na hakuna aliyesahau.

Mama Rangi alikuwa na binti, amenizidi kidogo kwa umri. Mtoto yule hakutoka nje. Tulimwona dirishani tu, nyuma ya pazia, mweupe hata ukimlinganisha na wenzake. Mpishi wao alisema ni mgonjwa, jua na homa vinamwonea, lakini nani alimsikiliza mpishi? Msichana wa umri ule, amefungiwa ndani, hatumwi, hafanyi kazi, ngozi imetakata. Mji mzima ulijua maana yake. Bibi alimwuliza mama mtu waziwazi pale mtoni.

"Binti yako umemweka ndani?"

"Yuko ndani, bibi. Hawezi kutoka sasa."

"Na mkononi ana nini?"

"Hana kitu," Mama Rangi alijibu, brashi ikiwa hewani. "Anakaa tu peke yake, maskini. Anachoka."

Siku ile Bibi hakucheka njiani. "Wamemweka mtoto wa watu ndani mikono mitupu," alisema. "Hawana kungwi, hawana wimbo. Halafu kesho asipozaa watamlaumu yeye."

Kesho yake alimtoa mwanahiti kikapuni, akamwogesha, akampaka mafuta, akamfunga kwa kitambaa safi. Mimi nilishika mlango nikalia. Nilimwambia huyo ni wangu. "Ni wako," akanijibu, "lakini zamu yako haijafika. Mwenye mwali ndani ndiye mwenye shida." Akanishika mkono tukaenda.

Maneno aliyoyasema barazani kwa Mama Rangi ninayo mpaka leo. "Mama, nakuazima mtoto wetu. Binti yako amwogeshe kila siku, ampake mafuta, asimlaze chini. Siku atakayotoka nje, nirudishie. Huyu mjukuu wangu anamngoja." Na akanisogeza mbele ili nionekane.

Mama Rangi alimpokea kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku, akasema mzuri sana, ahsante bibi, ahsante sana. Akanishika na shavu. Basi asije mtu akaniambia kwamba hakuelewa. Mwanamke aliyeshika majina ya vilele vyote vya Uluguru ashindwe kushika neno nirudishie? Alielewa. Ila hakuona kwamba maneno ya kikongwe wa Kiluguru yanamfunga, na hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo.

Siku chache baadaye mpishi alituambia kwamba binti hakupewa mwanahiti hata siku moja. Mtoto wetu wa mti alikuwa amewekwa juu ya kabati sebuleni, karibu na saa, watazamwe pamoja. Bibi alikataa kuamini. Alisema labda kwao ndivyo mwali anavyofundishwa, kwanza kwa kutazama.

Ikapita masika, ikaja nyingine, na zamu yangu ikafika. Mama akamwambia Bibi aende akamchukue mwanahiti wetu. Bibi akakataa: mwali wao yungali ndani, na mwenye mwali ndani hadaiwi. Hiyo ndiyo adabu aliyokuwa nayo, kwa watu waliokuwa wakitudai cheti ili tupige ngoma zetu wenyewe! Basi mimi niliwekwa ndani na gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa, la kushikia nafasi. Nililiogesha, nikalipaka mafuta ya nyonyo, nikalilaza ubavuni. Panya wakalipenda kuliko mimi. Asubuhi moja niliamka nikakuta limebaki nusu. Zena aliponiletea chakula alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaona uso wangu, akanisogezea chakula.

Yaliyotokea stesheni sikuyaona kwa macho, nilikuwa ndani. Alinisimulia Zena, aliyekwenda na Bibi. Mpishi alikuja mbio mchana kusema watu wale wanahama, mizigo imekwisha kupelekwa kwenye gari moshi. Bibi alitoka bila kubadili kanga. Walipofika, Mama Rangi na mumewe walikuwa wamesimama na wenzao. Na kati yao, mchana kweupe, kofia kichwani, miguu yake mwenyewe ikikanyaga ardhi, alikuwa yule binti.

Bibi alisahau hasira zote. Mwali ametoka! Alipiga kigelegele kimoja kirefu, na wauza ndizi waliokuwa pale wakakipokea, maana kigelegele cha mwali hakiachwi peke yake. Akaanza wimbo wa kumtoa mwali, wanawake wakaitikia, wakamzunguka yule mtoto pale stesheni wakimchezea, kwa sababu wazazi wake walikuwa wamemtoa kimyakimya na Bibi aliona aibu kwa niaba yao. Zena anasema binti alicheka. Huenda kwa miaka yote aliyokaa Morogoro, hiyo ndiyo siku pekee aliyofurahi. Wimbo ulipokwisha, Bibi alimwendea Mama Rangi, akanyoosha mikono miwili, viganja juu.

"Ametoka salama, mama. Nipe mtoto wetu."

Mama Rangi alikuwa anafuta machozi kwa furaha. Aliweka mkono wake ndani ya mikono ya Bibi, akamuaga. "Kwaheri, bibi. Zawadi yako nitaitunza sana, usiwe na wasiwasi. Imo ndani ya sanduku."

"Si zawadi," Bibi akasema. "Nilikuazima. Mjukuu wangu yuko ndani, anangoja."

"Kwaheri, kwaheri," akasema Mama Rangi, na mumewe akamshika kiwiko wapande. Bibi alipotaka kuwafuata, askari alimsukuma kwa kitako cha bunduki. Mtu mweusi mwenzake, ambaye mama yake naye bila shaka alilea mwanahiti mahali fulani. Gari likapiga filimbi likaondoka kuelekea Ngerengere, na Mama Rangi akapunga kitambaa dirishani mpaka wasionekane tena.

Bibi alirudi akakaa nje ya mlango wangu. Nilimsikia akipumua. Nikamwuliza kupitia ufa, na akanijibu, "Mwali wao ametoka." Nikauliza mtoto yuko wapi. Akasema amepanda gari moshi. Hakumlaumu Mama Rangi hata mara moja, si siku ile wala siku nyingine. Alijilaumu mwenyewe, akisema angempeleka kungwi akae na yule binti, wangejua la kufanya.

Nilitolewa nje kwa ngoma nzuri, sikatai. Cheti kilipatikana, watu walijaa, Bibi aliimba mpaka sauti ikakauka. Lakini nilitoka mikono mitupu, na kila mwanamke aliyekuwepo aliiona mikono yangu. Nimeolewa mara mbili. Sikujaliwa mtoto. Sisemi kwamba mti huzaa, mimi si mjinga, na hospitali nilikwenda. Lakini mawifi walisema mbele yangu: huyu hakulea mwanahiti, huyu alilea chakula cha panya. Maneno hayo nimeyala miaka yote pamoja na ugali wangu.

Hamisi nilimsimulia yote haya pale pale mlangoni. Aliizima redio, na hilo peke yake si jambo dogo. Halafu akasema, "Lakini Bibi, siku hizi hata mabinti hawawekwi ndani. Akirudishwa leo, atamfaa nani?"

Kweli, siku hizi hawawekwi. Siku hizi wanatoka wenyewe kila Jumamosi, wanakata tiketi mlangoni, kila mmoja anacheza peke yake amempa mwenzake mgongo, kwa nyimbo za watu ambao mama zao hawawajui. Hakuna wa kuwanyima cheti, na kwa hilo namshukuru Mungu. Lakini hakuna pia wa kusimama nje ya dirisha la jirani akauliza: mtoto wenu yuko ndani, na mkononi ana nini? Bibi yangu aliuliza, kwa watu waliokuwa wanatuchapa, akawapa kile alichokuwa nacho kimoja tu. Huenda mpaka sasa kiko kule kwao juu ya kabati, karibu na saa, kimepauka, hakijapakwa mafuta tangu asubuhi ile Bibi alipokifunga kwa kitambaa.

Atamfaa nani? Hamisi, ungekuwa mdogo ningekufinya. Mafuta ya nyonyo ninayo, na ushanga wa Bibi ninao. Akirudishwa leo nitamwogesha, nitamvika, nitambeba mgongoni nitoke naye nje mchana kweupe, kizee nilivyo, na anayetaka kucheka na acheke. Zamu ilikuwa yangu.