Mvua Ikinyesha, Mukai Anashikwa na Tumbo

Nimewahi kumwita mama wa watu mchawi mbele ya majirani wote. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa na ushahidi.

Ushahidi wenyewe ulikuwa huu: mvua ikinyesha siku mbili tatu mfululizo, binti yangu anashikwa na tumbo. Jua likitoka wiki nzima, anaruka kamba na wenzake.

Ilikuwa mwisho wa tisini na saba, ile mvua ya El Nino. Tulikuwa tunaishi Shauri Moyo, chumba kimoja. Mimi naitwa Kimanzi, fundi wa betri za magari. Mke wangu ni Kathini. Mukai, binti yetu, alikuwa na miaka minne na maswali ya wakili.

Mlango wetu ulitazamana na wa Mama Odongo, mke wa mtu wa reli. Mvua ikianza tu, huyo mama anakuja kumchukua Mukai. Anashinda naye, anampa uji, jioni anamrudisha.

Sasa jumlisha. Mvua, uji, tumbo. Mimi nilijumlisha.

Mwanzo tulidhani ni minyoo. Tukampa dawa, wakatoka wawili, tukafurahi sana. Wiki iliyofuata akajikunja tena. Siku ya tano hajapata choo, na kila anachokula anakitapika.

Halafu Jumapili moja, tukiwa mezani baada ya kanisa, akakakamaa akaanguka. Macho yamegeuka juu, mikono inajirusha. Mgeni wetu siku hiyo alikuwa Mzee Munyoki, mzee wa kanisa. Alimtia kijiko mdomoni ili asijiume ulimi. Jino likang'oka. Degedege iliendelea vilevile.

Mtoto alipotulia, Mzee Munyoki akafuta kijiko kwa leso yake.

"Kimanzi, tumbo na kifafa kwa mtoto mmoja? Hiyo si ugonjwa. Hiyo ni mtu."

"Mtu gani, mzee?"

"Kwani nani humlisha?"

Nikavuka hadi ule mlango mwingine.

"Mama Odongo, wewe humpa nini mtoto wangu?"

"Uji, Baba Mukai. Ya wimbi."

"Basi usimpe tena. Uchawi peleka kwenu."

Watu walikuwa wameshatoka nje wote. Mama Odongo akajipangusa mikono kwenye leso, akaingia ndani, akafunga mlango polepole. Nikaona hiyo nayo ni dalili.

Tangu siku hiyo Mukai hakukanyaga kule. Mvua ikinyesha alikaa ndani na sisi, salama.

Salama hiyo ilidumu wiki mbili. Alhamisi moja asubuhi alianguka mara tatu kabla ya saa nne. Baada ya mara ya tatu hakuamka. Nilimbeba hadi hospitali shingo yake imelegea begani kwangu, na njia nzima nilijua ninaenda kumzika. Sijawahi kuogopa vile.

Daktari aliyetupokea aliitwa Nalianya. Alimchoma sindano ya kutuliza degedege, akampima sukari na malaria, kisha akaanza maswali. Tumbo linauma upande gani? Choo je? Ameanguka akagonga kichwa? Hula udongo? Alikuwa akibonyeza tumbo huku akituangalia sisi.

"Homa hana," akasema. "Malaria hana, shingo haijakaza. Tumbo kwanza, choo kikafunga, halafu degedege. Baba, unafanya kazi gani?"

Nikapandwa na hasira. Mtoto anakufa, huyu anataka stori za kazi.

"Natengeneza betri za gari."

"Wapi?"

"Hapo Gikomba. Lakini kibanda kinaingia maji, so mvua ikinyesha nafanyia kwa nyumba."

"Unafanya nini hasa?"

"Nayeyusha risasi, ile madini ya ndani ya betri. Na jiko ya makaa. Natengenezea vile vichwa vya kushika waya."

"Mlango uko wazi?"

"Nafunga. Mvua inaingia."

Akaweka kalamu chini.

"Na wewe mwenyewe, tumbo haikusumbui?"

"Mimi nakunywa maziwa, daktari."

Fundi yeyote wa moshi alijua hilo. Wa kuchomelea, wa rangi, wa betri: ukimaliza kazi unakunywa pakiti ya maziwa, sumu inashuka. Kathini aliwahi kuniomba nusu pakiti ya Mukai. Nilimwambia hayo ni ya kazi.

"Maziwa haiwezi kukukinga na hiyo kitu," Nalianya akasema. "Lakini wewe unakunywa ya nini?"

"Sumu."

"Kwa hivyo ulijua ni sumu."

Kathini akageuka akaniangalia. Mpaka leo hajawahi kulizungumzia.

Picha ya magoti, ambako risasi huacha alama kwenye mifupa ya mtoto, na vipimo vya damu vilisema yaleyale: sumu ya risasi. Mukai alichomwa sindano za kuitoa ile risasi mwilini, siku baada ya siku, akilia mpaka wodi nzima ikamjua. Mimi nilifurahia kile kilio. Alipona. Darasa la kwanza alilisoma mara mbili, maana risasi hugusa ubongo, na kosa hilo ni langu.

Tuliporudi nilienda kwa Mama Odongo na kilo mbili za sukari. Sikujua mtu uliyemwita mchawi huombwa radhi kwa kitu gani.

"Mama Odongo, nilikukosea. Haikuwa uji."

"Mimi najua. Ni moshi yako. Ukiwasha hiyo jiko, macho inaniwasha mpaka hapa kwangu. Ndio maana nilikuwa namtoa mtoto mchana, lakini usiku analala hapo tu."

Nikakaa chini bila kukaribishwa.

"Na hukuniambia?"

"Nilikuwa nangoja nikupate vizuri. Ukanipata wewe kwanza." Akachukua sukari. "Baba Mukai, mchawi akikuja akuambie zima jiko, wewe utazima?"

Nililifikiria swali lake kwa haki.

"Ningeongeza makaa," nikamwambia.

Ndugu msomaji, mtoto akilalamika tumbo kisha akaanguka degedege, kimbia hospitali, na ukiulizwa kazi yako usikasirike, jibu. Na kama kazi hiyo ina kitu unachokinywa ili isikuue, jiulize nani mwingine anaivuta hewa yake.