Mama Besi Amfungia Nyuzi Mshindani Wake

Saa tatu asubuhi, Mama Besi amelilaza gitaa mapajani, shingo ya gitaa ikiegemea mto wa kochi uliokwisha kubonyea. Mdogo wake amesimama mlangoni mwa karakana, chumba kimoja kinachonuka gundi na vumbi la mbao, akitafuna karanga.

"Dada, fanya hima, nina mazoezi."

"Yatangoja. Hizi nyuzi umenunua wapi?"

Ni nyuzi za gitaa la besi la shingo ndefu. Hili ni la shingo fupi. Ukizifunga hapa, sehemu nene ya uzi hulazimika kujizungusha kwenye kigingi cha kukazia, palipotakiwa kufika sehemu nyembamba tu. Uzi hukatika, au hufa sauti.

"Muuzaji kasema zinafaa kote."

"Na viatu vya shemeji yako vinakufaa?"

Gitaa alilinunua Mama Besi mwenyewe, akachagua fupi kwa sababu ya vidole vyake vifupi. Alipojifungua mapacha, alimwachia mdogo wake gitaa pamoja na nafasi yake kwenye bendi, kwa miezi mitatu. Mapacha sasa wako darasa la nne.

Tangu hapo anaishi kwa kutengeneza magitaa ya watu. Wiki njema huleta manne. Wiki mbaya hukaa akipangusa yale yale.

"Sikufichi, namwonea wivu," anasema, kana kwamba mdogo wake hayupo pale. "Akipigwa redioni nazima. Mume wangu anawasha. Nazima tena."

"Ndiyo maana shemeji kaniagiza nimnunulie redio ndogo ya mfukoni," anadakia mdogo mtu.

"Nyie wawili mtanitambua."

Jumamosi kiongozi wa bendi atawasikiliza wote wawili, kwa gitaa hili hili. Nafasi ni moja, na mara hii ni ya kudumu.

Mama Besi anavuta droo. Zimebaki seti mbili za nyuzi fupi. Za kwanza ni laini ukizigusa, lakini nene na ngumu kubonyeza. Zinatoa sauti nzito, na vidole vyake vyenye sugu vinazipenda. Za pili ni nyembamba, zinakwaruza ukizigusa, sauti yake inang'aa. Hizo ndizo mdogo wake alizozoea.

Anachukua zile nene. Anapitisha ya kwanza kwenye daraja la gitaa. Mdogo wake anaacha kutafuna.

"Dada, hizo zitanichosha vidole."

"Najua."

Anakaza mizunguko miwili. Kisha anasita, anautazama uzi kama mtu aliyetukanwa nao, anaufungua na kuutupa drooni.

"Nikikushinda kwa hizi, mpaka tuzeeke utawaambia watu nilikuonea. Sikupi hilo."

Anafungua seti nyembamba. Kila uzi anaupima hadi kupita kigingi, anaukunja kwa koleo, ndipo anapokata.

"Si ukate tu?"

"Ukikata kabla ya kukunja, waya uliozungushiwa juu unalegea, uzi unakufa sauti. Jumamosi ukiboronga, nataka usiwe na cha kusingizia."

Nyuzi zote nne zikishakaa, mdogo wake analichukua gitaa na kupiga. Anapiga vizuri. Vizuri mno, na Mama Besi anageuka kupanga koleo ambazo tayari zimepangwa.

"Haya, sema basi," mdogo wake anamchokoza.

"Mkono wa kushoto unachelewa."

"Hauchelewi hata kidogo."

"Unachelewa. Lete."

Analipokea, anapiga palepale mdogo wake alipoishia, polepole, kwa uzito, kwenye nyuzi asizozizoea. Anakosea mara moja, anasonya, anarudia. Mara ya tatu hakosei.

"Nitarudi nafasini pangu," anasema bila kuinua macho. "Na nikirudi, wewe nitakufundisha kutengeneza magitaa."

Mdogo wake anacheka, ananyoosha mkono kudai gitaa. Mama Besi halitoi.

"Liache hapa mpaka kesho. Nyuzi mpya lazima zivutike kwanza."

"Zivutike, au ufanye mazoezi?"

"Vyote viwili. Funga mlango ukitoka."